Hisa ya Kipofu Katika Soda ya Wazimamoto

Mashine ya kuuzia soda na peremende, iliyoegemezwa ukutani katika kituo cha zimamoto ndani ya kambi ya jeshi la Marekani, ni chombo duni mno kudhaniwa kwamba kinahusika na sheria ya Bunge, kwa maana faida inayobaki baada ya kulipia bidhaa aghalabu ni fedha za kahawa tu. Na hata hivyo juu ya faida hiyo yamesimama madai mawili, na kila dai lina wenyewe wastahiki heshima: wazimamoto, ambao ndio wanaotumbukiza sarafu, na wauzaji vipofu, ambao pengine hawajapata kukanyaga kizingiti cha kituo kile. Muradi wa makala haya ni kueleza jinsi sheria ya nchi ile ilivyoyapatanisha madai hayo kwa mafungu yaliyotajwa kwa hesabu, na kisha kutoa rai: kwamba mafungu yenyewe ni ya insafu, na kwamba kasoro imo katika kipimo kimoja kilichoachwa bila kuguswa tangu 1974, na katika namna hesabu zinavyowekwa, wala haimo katika asili ya mgawanyo.

Wazimamoto tunaowanena hapa ni watumishi raia wa serikali kuu, walinzi wa viwanja vya ndege vya jeshi, gati za manowari na maghala ya silaha. Juma lao la kazi kwa kawaida ni la saa 72, nalo hukatwa kwa zamu za saa 24, hata kituo kikawa kwao ni ofisi, jiko na malazi pamoja: humo hupika kwa mchango, humo hulala usingizi wa mashaka, na humo huingojea kengele ambayo haimruhusu mtu kwenda mbali kujitafutia kinywaji. Na madhali kanuni ya matumizi ya fedha za umma katika nchi ile, kwa jumla, haimruhusu mkuu wa idara kuwanunulia watumishi wake vitafunio na viburudisho kutoka hazina, ilikuwa desturi ya miaka mingi katika mahali pa kazi pa serikali, hata nje ya zimamoto, kwamba faida ya mashine huingia katika mfuko wa wafanyakazi, nao mfuko huo hununua yale madogo ambayo serikali hainunui: kahawa, chakula cha sikukuu, maua ya kumpelekea mwenzao aliyefiwa. Asiyeijua kazi ya zamu ataviona hivi kuwa ni vitu visivyo na uzito. Anayeijua atakubali kwamba watu wanaolazwa pamoja na hatari wanahitaji kitu cha shirika kilicho chao.

Wauzaji vipofu nao dai lao lilitangulia hata mashine zenyewe. Tarehe 20 Juni 1936, ilhali nchi ile ilikuwa bado imelemewa na mtikisiko mkuu wa uchumi na mamilioni ya watu wenye macho mazima walikuwa hawana kazi, sembuse vipofu, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ambayo hadi leo huitwa kwa majina ya wabunge wake wawili: Jennings Randolph wa West Virginia, na Seneta Morris Sheppard wa Texas, yule yule aliyekuwa mashuhuri kwa kuandika marekebisho ya katiba ya kupiga marufuku pombe. Nyuma yao walikuwapo vipofu wenyewe waliolipigania jambo hilo, na miongoni mwao Leonard Robinson, wakili asiyeona wa mji wa Cleveland. Sheria hiyo haikutoa ruzuku wala posho. Ilisema tu kwamba kipofu mwenye leseni anaweza kupewa nafasi ya kuweka kibanda cha kuuzia magazeti, tumbaku na peremende ndani ya majengo ya serikali kuu, nayo leseni ingetolewa na idara ya kila jimbo inayoshughulika na wasioona. Kipofu kwa mujibu wa sheria si lazima awe gizani kabisa. Ni pamoja na yule ambaye kwa jicho lake lililo bora, hata akivaa miwani, huona kwa futi 20 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa futi 200. Mtu huyo alipewa mahali, na jasho likawa lake mwenyewe.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ukaja ushindani ambao waandishi wa sheria ya 1936 hawakuuona. Mashine ya kuuzia haidai mshahara, hailali, wala haiugui. Na ilipowekwa ghorofa ya pili, mteja wa ghorofa ya pili hakushuka tena chini kibandani kwa kipofu. Fauka ya hayo, faida ya mashine ilikwenda kwenye vyama vya wafanyakazi wa jengo lile lile, hata wakubwa waliokabidhiwa dhamana ya kumlinda muuzaji kipofu wakawa wao wenyewe wana maslahi katika mshindani wake. Marekebisho ya 1954 yalijaribu kuziba ufa huo kwa kuagiza kwamba kipofu apewe upendeleo, na kwamba mapato ya mashine yatumike kuulinda upendeleo huo. Lakini kila idara iliachiwa kujitungia kanuni zake, na mwenye kujitungia kanuni katika jambo linalomhusu mfuko wake ni nadra kujipunja. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilipochunguza biashara hizi na kutoa taarifa yake mwaka 1973, mambo hayo yalifika hadharani, na Jennings Randolph, ambaye sasa alikuwa Seneta, akarudi tena kuitengeneza kazi aliyoianza ujanani. Rais Gerald Ford aliukataa mswada uliobeba marekebisho hayo. Bunge likashikilia rai yake, na mwisho wa 1974 yakawa sheria.

Hapo ndipo yalipoandikwa mafungu. Mtu wa pwani yetu, aliyezoea kuiona mirathi ikigawanywa kwa hisa zilizotangulia kuandikwa, nusu, robo, thumni, thuluthi na sudusi, ili ndugu wasipate nafasi ya kugombana juu ya maiti, ataitambua mara moja hekima iliyotumika. Mashine iliyo katika ushindani wa dhahiri na kibanda cha kipofu, faida yake yote, yaani asilimia 100, ni ya upande wa vipofu. Mashine isiyo katika ushindani huo, nusu ya faida yake ni yao. Na mashine isiyo katika ushindani, iliyowekwa mahali ambapo angalau nusu ya saa zote zinazofanywa kazi huangukia nje ya wakati wa kazi wa kawaida, hisa yao ni asilimia 30. Faida inayogawanywa ni ile inayobaki baada ya kutoa gharama ya bidhaa pamoja na matengenezo ya kadiri, au, ikiwa mashine ni ya kampuni, ni ile kamisheni ambayo kampuni huilipa kwa ruhusa ya kuiweka pale.

Sasa tukitazame kituo cha zimamoto kwa mizani hiyo. Je, mashine yake inashindana na kibanda cha kipofu kilicho katika jengo la makao makuu, upande wa pili wa kambi? Kanuni zinasema kwamba hakuna ushindani wa dhahiri pale ambapo wengi wa wafanyakazi wanaotumia mashine hawana njia nyepesi ya kukifikia kibanda, kwa wepesi wa kukiendea na kwa muda unaohitajiwa kununua. Na ni nani aliyezuiliwa zaidi ya mzimamoto wa zamu, ambaye hana budi kuwa karibu na gari lake dakika zote? Basi hisa ya asilimia 100 imeondoka, maadamu kibanda hakiko katika jengo lile lile. Inabaki nusu au asilimia 30. Kanuni zimetafsiri wakati wa kawaida kuwa ni kipindi cha saa nane, takriban kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hata Ijumaa. Juma lina saa 168. Saa nane mara siku tano ni 40. Na kituo kisichofungwa mchana wala usiku, chenye watu wale wale kwa idadi katika kila saa, kina saa 128 nje ya wakati wa kawaida, ambazo ni zaidi ya robo tatu. Hata tukiongeza makarani na wakaguzi wa mchana, ni taabu nusu hiyo kukosekana. Kwa hiyo fungu la vipofu katika mashine ya wazimamoto ni asilimia 30, na asilimia 70 hubaki upande wa pili.

Napenda msomaji aione hekima ya kuteremka kwa hisa hizi, kwa kuwa wengi wanaozisoma hudhani zilikisiwa kama bei ya sokoni. Kipimo kilichotumika ni ukaribu wa biashara, wala siyo ukubwa wa dhiki. Soda inayouzwa hatua chache kutoka kwa kipofu ni soda aliyonyang'anywa. Basi faida yote ni yake. Soda inayouzwa mchana katika jengo lisilo na kibanda ingaliweza kuwa yake kama angalipewa mahali, basi nusu. Soda inayouzwa saa tisa za usiku kwa mtu aliyetoka kuzima moto, wakati ambapo hakuna kibanda cha binadamu ambacho kingalikuwa wazi, ni biashara ambayo kipofu hakuipoteza ila kwa sehemu; basi asilimia 30. Hisa hupungua kadiri dai linavyopungua, lakini haifikii sifuri, kwa sababu kipaumbele cha wauzaji hawa kimetanda juu ya milki yote ya serikali kuu, wala hakikuishia katika vyumba walimo wao.

Hapo huja pingamizi la wazimamoto, nalo lina nguvu. Husema: sisi ndio wanunuzi, sisi ndio tunaoijaza mashine baada ya zamu, na fedha hii ni chenji yetu wenyewe inayoturudia, huyo wa mbali ameuza nini? Jawabu lina sehemu mbili. Kwanza, gharama ya kujaza na kutengeneza hutolewa kabla ya kugawanya, kwa hiyo linalogawanywa ni pato la mahali, na mahali, pamoja na umeme unaopoza soda, ni pa umma. Kwa kanuni ya zamani ya hazina ya Marekani, ambayo asili yake ni karne ya kumi na tisa, fedha inayopatikana kwa kutumia mali ya serikali huenda hazina isipokuwa pawe na ruhusa ya kisheria, na wahasibu wakuu wa serikali walikwisha kuitumia kanuni hiyo kwa mashine hizi hizi. Hata ikawa hisa inayobaki kwa wafanyakazi, ikitazamwa kwa insafu, nayo pia ni neema ya sheria. Pili, idara ya jimbo ingaliweza kuomba kibali cha kuweka mashine zake katika kituo kile kwa jina la kipofu mwenye leseni, na katika hali hiyo faida yote ingalikuwa yake. Mwenye kuweza kuomba yote, akaridhika na asilimia 30, hakumdhulumu jirani yake.

Wala sheria haikujiingiza katika kila kopo la soda. Mashine, kwa tafsiri ya kanuni, ni ile inayofanya kazi kwa sarafu au noti. Friji ya jikoni yenye kisanduku cha mchango kando yake haimo katika tafsiri hiyo. Yameachwa nje pia mapato ya mashine zilizo ndani ya maduka ya majeshi, pamoja na zile zinazoendeshwa na shirika la kantini za hospitali za askari wastaafu. Hapa pana jambo ambalo wakuu wa kambi hulipita kwa haraka: msamaha wa maduka ya jeshi umetajwa kwa mashine zilizo ndani ya maduka hayo, na kituo cha zimamoto si duka.

Msamaha wa tatu ndio unaowahusu wazimamoto hasa, nao ndio wenye kasoro niliyoitaja. Ikiwa mapato ya mashine zisizo katika ushindani, mahali pamoja, hayazidi dola 3,000 kwa mwaka, basi hayagawanywi kabisa. Mahali pamoja, kwa kanuni, ni jengo moja, au kundi la majengo yaliyo karibu ambayo wengi wa wafanyakazi wake hupita kutoka moja hadi jingine kwa kazi za kila siku. Kwa hiyo kituo kilichojitenga kando ya barabara ya ndege huhesabiwa peke yake, na mashine moja ya watu wachache yaelekea itakuwa chini ya kiwango. Hilo ni jema, kwa kuwa gharama ya kukusanya na kuandika ingeila faida yenyewe. Lakini zipo kasoro mbili. Kwanza, dola 3,000 za 1974 ni zaidi ya dola 15,000 za siku hizi, na tarakimu haikupandishwa, hata msamaha uliokusudiwa kuwatoa wadogo sasa unawabana wadogo hao hao kila bei ya soda inapopanda. Pili, msamaha umejengwa kama ukingo wa jabali. Kituo kilichopata dola 3,000 kamili hubaki na zote. Kilichopata 3,001 hutoa asilimia 30 ya jumla yote, kikabaki na takriban 2,100. Na hakirudii kupata dola 3,000 safi mpaka mapato yake yapite 4,285. Kati ya tarakimu hizo mbili, kituo kilichouza zaidi hubaki na fedha pungufu kuliko kama kingaliacha kuuza kilipofika dola 3,000. Sheria inayomwadhibu mtu kwa dola moja ya ukweli humfundisha kuandika pungufu, na anayepunjwa na hesabu pungufu ni kipofu, ambaye hakuwapo mashine ilipofunguliwa.

Kwa maana hiyo suala la hesabu ni zito kuliko suala la asilimia. Dhima ya kukusanya mapato, kuyaandika na kuyapeleka kwa idara ya jimbo imewekwa juu ya afisa msimamizi wa mahali penyewe. Naye ni mtu anayekula na kunywa pamoja na wale ambao mfuko wao utapungua. Sisemi kwamba maafisa ni wezi, nasema kwamba hakuna katika mpango huu jicho la upande wa pili. Wauzaji vipofu wana kamati yao ya kuchaguliwa katika kila jimbo, iliyoundwa kwa marekebisho ya 1974, lakini kamati haikupewa funguo wala daftari la kituo. Idara ya jimbo ikiona hila, hupeleka malalamiko kwa Waziri wa Elimu, naye huitisha baraza la wasuluhishi watatu: mmoja wa jimbo, mmoja wa idara inayolalamikiwa, na wa tatu, ambaye ndiye mwenyekiti, huteuliwa na hao wawili. Baraza likithibitisha kosa, mkuu wa idara huamriwa kulikomesha mara moja. Ama kuhusu kulipa yaliyokwisha kupotea, wanasheria wamekhitilafiana sana. Njia hii ni ndefu na ghali, na hakuna mwenye akili atakayeipanda kwa ajili ya dola mia chache, hata zikiwa ni dola mia chache za vituo vingi.

Na fedha hiyo ikiisha kupokewa, huenda wapi? Ikiwa yupo muuzaji kipofu katika milki ile ile, humwendea yeye, ila kwa mpaka: haipiti wastani wa mapato halisi ya wauzaji wa jimbo lake, ili bahati ya mahali isimfanye mmoja tajiri kwa mashine asizozigusa. Kinachozidi, pamoja na mapato ya mahali pasipo na kipofu, huingia katika idara ya jimbo, na hutumiwa kwanza kwa mafao ya uzeeni, michango ya bima ya afya, na malipo ya siku za ugonjwa na mapumziko, kwa kura za wenye leseni wenyewe. Mzimamoto wa serikali ana pensheni, ana bima, na akiugua hulipwa. Muuzaji mwenye kibanda akifunga siku moja hupoteza siku moja. Mwenye kulinganisha haya mawili ataona kwamba asilimia 30 ya soda za usiku inakwenda kununua kwa mmoja kile ambacho mwenzake amekwisha kupewa na mwajiri.

Yapo mashauri ya kumaliza jambo hili kwa mapatano ya kazi: kwamba chama cha wazimamoto kijadiliane na wakuu wa kambi, na mkataba utaje ni nani atakayepata nini. Majadiliano ni mazuri, lakini yana mpaka ambao chama chochote makini hakina budi kuujua. Sheria ya mahusiano ya kazi ya serikali kuu inaruhusu kujadiliana juu ya yale tu yasiyopingana na sheria nyingine ya nchi. Kwa hiyo mwajiri na mwajiriwa wanaweza kukubaliana juu ya zile asilimia 70, juu ya mfuko, daftari na watunza funguo, lakini hawawezi, hata wakitia saini wote wawili, kugawana kilicho cha mtu wa tatu asiyekuwapo mezani.

Rai yangu, basi, ni hii. Mafungu ya 100, 50 na 30 yaachwe kama yalivyo, kwa kuwa yanafuata kadiri ya biashara iliyopotea na hayamwombi mtu huruma. Msamaha wa dola 3,000 upandishwe ulingane na thamani yake ya asili, na ugeuzwe kuwa kiasi kinachotolewa kwanza, ili asilimia 30 ikatwe katika kile kinachozidi tu, na kituo kisipate tena sababu ya kuficha dola moja. Daftari la kila mashine iliyo katika milki ya serikali kuu, pamoja na mapato yake ya mwaka, liwe wazi kwa kamati ya wauzaji vipofu bila ya kuomba. Na wazimamoto wenyewe, ambao kazi yao ni kuokoa mali ya watu wasiowajua, wawe wa kwanza kudai daftari hilo. Maana mfuko wenye hesabu safi hauna wa kuushitaki, na asilimia 70 iliyo halali yao haitaguswa na mtu yeyote.